Haki ya Wafu

Yako maswali ambayo kijana hukutana nayo darasani, na yako mengine ambayo humvizia njiani wakati hakujiandaa kufikiri. Swali ninalotaka kulijadili nawe, msomaji, ni la namna ya pili. Nalo ni hili: Je, mtu aliyekwisha kufa, asiye na jamaa wa kumlilia wala wakili wa kumtetea, angali ana haki juu yetu sisi tulio hai? Na kama anayo, haki hiyo hukatika baada ya miaka mingapi?

Ukiulizwa swali hili mchana, yamkini utajibu upesi kuwa wafu wana heshima yao. Ndivyo tulivyofundishwa nyumbani. Hatukanyagi kaburi, hatumsengenyi marehemu, na jeneza lipitapo njiani husimama hata mtu asiyemjua aliyemo. Lakini jibu la mchana si lazima liwe jibu la usiku, hasa usiku wa furaha, mtu awapo kati ya rafiki zake na tikiti amekwisha kuilipia.

Mwanafunzi mmoja niliyepata kumfundisha alikwenda kusoma katika mji wa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Jioni moja wenzake walimwalika kwenda nao katika kile kinachoitwa huko matembezi ya mizimu. Huenda jina hilo likakushangaza, basi nitalieleza kwanza. Katika miji mikongwe ya Uingereza na Uskoti ipo biashara ya kuwatembeza watu usiku mahali panaposemekana kuwa na vizuka. Katika mji wa York biashara hiyo imekuwapo tangu mwaka 1973, na Edinburgh ina makundi kadhaa yanayoshindana. Watu hukusanyika jua likichwa. Kiongozi huja amevaa joho jeusi, ana kurunzi au taa mkononi na sauti ya kutisha kooni, akawaongoza mtaa kwa mtaa. Hapa husimama akaeleza habari ya aliyenyongwa, pale akaeleza habari ya aliyezikwa. Kwa muda wa saa moja au mbili watu wazima wenye elimu yao hushikana mikono gizani kama watoto.

Na mji wenyewe unasaidia. Sehemu ya kale ya Edinburgh imejengwa juu ya mgongo wa kilima, na kwa kuwa nafasi ilikuwa haba watu wa zamani walijenga kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, wakaacha baina ya nyumba vichochoro ambamo watu wawili wanene hawapishani. Mwaka 1788 lilifunguliwa daraja kubwa la mawe lenye matao 19. Nyumba zilijengwa pande zote mbili hata leo tao moja tu huonekana, na mengine yote yamefichwa. Chini ya matao hayo vilifanywa vyumba vya mafundi na bohari za wafanya biashara. Maji yalipoanza kupenya, mafundi waliondoka na maskini wasio na pa kulala wakaingia. Ni katika vyumba hivyo visivyo na dirisha ambamo kijana wetu na wenzake walipelekwa, na humo kiongozi akazima taa.

Kabla ya kuendelea napenda nikubali jambo moja, ili usije ukadhani kuwa naichukia furaha. Kutafuta hofu kwa ajili ya mchezo hakuna ubaya ndani yake. Sisi wenyewe tulilelewa na hofu ya namna hiyo. Bibi aliposimulia juu ya zimwi aliyemfungia msichana ndani ya ngoma, akatembea naye kijiji hata kijiji akimwimbisha, hapana mtoto aliyethubutu kutoka mekoni peke yake kwenda kuteka maji mtungini. Hata hivyo kesho yake jioni tulimwendea bibi tukamwomba aisimulie tena. Hofu ile ilitukusanya na kutufunza. Ilitufanya tusogeleane. Anayeilaumu aliyalaumu maisha yake mwenyewe ya utotoni.

Lakini zimwi halina mama. Zimwi halikuzaliwa, halikulala njaa, halikuuawa na mtu. Ukimcheka zimwi humdhulumu mtu yeyote. Na hapo ndipo tofauti ilipo, maana yule ambaye kiongozi wa Edinburgh alimwigiza usiku ule alikuwa mtu.

Jina lake lilikuwa James Wilson. Watu wa mji walimwita Jamie Punguani, kwa sababu akili yake ilikuwa pungufu kidogo. Alikuwa kijana wa miaka 18, umri ambao wengi wenu mmeukaribia. Alitembea peku hata wakati wa baridi kali, na miguu yake ilikuwa na kilema. Alipenda vitendawili, watoto walimsimamisha njiani wakategana navyo. Kila mtu alimjua. Katika mwaka 1828, siku moja akiwa njiani anamtafuta mama yake, alikutana na mwanamke mmoja aliyemkaribisha nyumbani. Nyumba hiyo ilikuwa ya William Hare, ambaye pamoja na mwenzake William Burke walikuwa wamegundua biashara yenye faida kuliko kazi yoyote waliyopata kuifanya.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Edinburgh ulikuwa mji mashuhuri kwa mafunzo ya utabibu, na wanafunzi walikuwa wengi. Mwanafunzi wa utabibu hana budi kujifunza viungo vya mwili kwa kuupasua mwili wenyewe, na sheria za wakati ule ziliruhusu miili michache sana, hasa ya wauaji walionyongwa. Wanafunzi wakawa wengi na maiti wakawa haba. Na kitu kikiwa haba bei hupanda. Mwishoni mwa mwaka 1827 mzee mmoja mpangaji katika nyumba ya Hare alikufa kwa ugonjwa huku akidaiwa kodi. Burke na Hare waliupeleka mwili wake kwa Daktari Robert Knox, mwalimu wa elimu hiyo, nao wakapewa pauni 7 na shilingi 10. Hapana aliyewauliza wameupata wapi. Waliporudi nyumbani wakafikiri: kwa nini tungoje watu wafe wenyewe? Katika mwaka uliofuata waliwaua watu 16. Waliwachagua wasiotafutwa na mtu: wageni, maskini, walevi, bibi vizee. Mwili mmoja uliwapa pauni 8 au 10.

Kwa Jamie walikosea hesabu, maana yeye alikuwa na wa kumtafuta. Mwili wake ulipofunuliwa mezani wanafunzi walimtambua. Inasimuliwa kuwa Knox alikana kuwa ndiye, na kichwa na miguu vikaondolewa upesi, vile viungo hasa ambavyo vingeweza kumtambulisha. Wauaji walikamatwa baadaye mwaka ule ule kwa kifo cha mwanamke mwingine. Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachwa huru. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, na mwili wake mwenyewe ukapasuliwa. Mifupa yake ingali ikioneshwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu hadi leo. Daktari Knox hakushtakiwa.

Sasa rudi nami katika kile chumba chini ya daraja. Kiongozi, kwa ustadi mwingi, aliuiga mwendo wa Jamie. Alichechemea, akalegeza mdomo, akatega kitendawili cha kipuuzi kwa sauti ya kupwaya. Watu wakacheka. Kijana wetu naye alicheka. Papo hapo mtu aliyefichwa pembeni aliruka akapiga ukelele, wasichana wakalia, taa ikawashwa, na wote wakacheka tena kwa kuona aibu ya hofu yao. Ulikuwa mchezo mzuri. Walitoka nje wakiwa na njaa, wakaenda kula.

Mezani kijana huyu aliuliza, "Yule Jamie aliishi kweli?" Wenzake hawakujua. Mmoja wao alitafuta katika simu yake, akasoma kwa sauti hayo niliyokueleza, na alipofika mahali pa kumtafuta mama, meza ilinyamaza kidogo. Kisha rafiki mwingine akamwambia yule aliyeuliza kuwa anaharibu starehe ya watu. Mambo hayo yamepita miaka karibu 200, na aliyekufa hajui kuwa anachekwa.

Neno la rafiki huyo lina uzito, nami sitaki tulipuuze. Ni kweli kwamba kicheko hakimwumizi maiti. Kama haki ni kinga dhidi ya maumivu tu, basi wafu hawana haki. Lakini hebu jipime kwa mfano huu. Rafiki yako akikueleza siri yake leo, akafa kesho, je, keshokutwa unaweza kuitangaza sokoni kwa kuwa sasa haimwumizi? Moyo wako utakataa. Hutakataa kwa kuogopa mzimu wake. Utakataa kwa sababu ahadi haikutoweka pamoja na aliyepewa ahadi. Iliyobaki imebaki kwako. Mtu aliyekufa ametuachia mambo machache sana: jina, sifa, na habari ya kweli ya yaliyompata. Mali yake hugawanywa na warithi mbele ya kadhi au hakimu, lakini vitu hivi vitatu havina mlinzi ila watu wa kawaida kama wewe na mimi. Kwa maskini asiye na mrithi ndiyo mali yake yote.

Lipo jambo la pili lililoniketisha usiku nikifikiri. Katika habari ya Burke na Hare, sisi hupenda kumtazama muuaji, maana muuaji hutisha. Lakini mauaji yale yasingekuwapo kama pasingekuwa na mnunuzi asiyeuliza. Knox hakumshika mtu koo. Alikuwa mtu msomi, mwalimu hodari, na elimu aliyoifundisha iliokoa maisha ya wengi. Alitoa fedha, akapokea alichotaka, akanyamaza. Sisemi kuwa anayenunua tikiti ya matembezi ya mizimu ni sawa na Knox. Kusema hivyo kungekuwa uonevu na upuuzi. Nasema tu kuwa tabia ya kulipa bila kuuliza ni moja, nayo hukua. Mtu hulipa bila kuuliza kisa hiki ni cha kweli au cha uongo, kisha hulipa bila kuuliza nguo hii ilishonwa na nani, makaa haya yalitoka msitu gani, na kiti hiki cha kazi kiliachwa wazi kwa njia gani.

Kuuliza ni muhimu zaidi kwa sababu mizimu haisemi kweli siku zote. Edinburgh upo mtaa wa kale uitwao Mary King's Close, ambao sehemu yake ilifunikwa jengo kubwa la wafanya biashara lilipoanza kujengwa juu yake mwaka 1753. Mary King alikuwa mjane muuza nguo, mtu mwenye heshima yake. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kuwa tauni ilipoingia mwaka 1645, wakuu wa mji waliujengea mtaa huo kuta, wakawafungia wagonjwa ndani wafe. Kisa kinasisimua, nacho si kweli. Wagonjwa waliwekwa mbali na wazima, kama tulivyofanya nasi katika mwaka 2020, na mji uliwapelekea vyakula. Waliosingiziwa ukatili huo wamekufa zamani na hawawezi kujitetea. Je, si dhuluma? Na katika chumba kimoja cha mtaa huo huo, baada ya mgeni mmoja kudai mwaka 1992 kuwa ameona kizuka cha mtoto wa kike anayemlilia mwanasesere wake, watalii walianza kuacha wanasesere, wakawa rundo. Sina nia ya kuwacheka. Huruma ni huruma hata ikipotea njia. Lakini watoto wa kweli waliokufa kwa tauni ile walikuwa wengi mno, na hapana aliyewaletea kitu. Yule asiyethibitishwa kuwa aliishi ndiye aliyepewa zawadi.

Jambo hugeuka kichwa chini zaidi katika makaburi ya Greyfriars, katika mji huo huo. Mwaka 1679 watu wapatao 1,200, walioshindwa vitani kwa ajili ya madhehebu yao, walifungwa katika uwanja kando ya makaburi hayo bila paa, kwa chakula kidogo, kwa miezi mingi. Wengine walikufa hapo. Wengine walitia sahihi kiapo wakaachiwa. Wale waliobaki walipakiwa melini wapelekwe ng'ambo kuuzwa utumishi, na meli ikavunjika karibu na visiwa vya Orkney; kiasi cha watu 200 wakazama. Mwanasheria wa mfalme aliyewashtaki watu wa madhehebu hayo, Sir George Mackenzie, alikufa mwaka 1691 akazikwa katika makaburi hayo hayo, ndani ya kaburi zuri lenye kuba. Na leo watu wakija usiku, mzimu wa nani wanaoutafuta? Wa Mackenzie! Husema amewaparura, amewasukuma. Mshitaki amepata umaarufu wa pili baada ya kifo, na wafungwa wamekuwa mapambo ya hadithi yake. Nadhani hili ni ovu kuliko kicheko. Anayemcheka maskini angalau anamwona.

Walakini, ukinishika shati ukaniuliza kama kijana wetu angefanya vema kubaki chumbani akisoma vitabu vyake, nitasita. Bila matembezi yale asingelijua jina la James Wilson, wala wewe usingelisoma hapa. Vitabu vya historia vinavyomtaja vimo maktabani, na vumbi linavisoma. Aliyemfikisha Jamie kwenye meza ya vijana wale ni kiongozi yule yule mwenye joho, kwa mzaha wake. Masimulizi hudumu kwa kupendwa, na watu hupenda kinachowachangamsha. Hata bibi zetu walijua hivyo. Kwa hiyo siwezi kuwahukumu wasimulizi wote kwa pamoja. Ninachowadai ni kidogo: wasiseme uongo juu ya mtu aliyeishi, wamtaje kwa jina lake, na wasimfanye aliyeonewa kuwa kichekesho. Na wewe msikilizaji nakudai kidogo pia, yaani uulize. Najua kuuliza kuna gharama. Anayeuliza katikati ya kicheko huonekana hana ucheshi, na kwa kijana, kuonekana hivyo mbele ya rafiki ni adhabu kubwa kuliko viboko.

Usidhani kuwa jambo hili ni la Waskoti peke yao. Katika pwani yetu ya kusini, Kwale, kuna kijiji cha Shimoni, kinachokabili kisiwa cha Wasini. Jina lake limetokana na mapango yaliyo hapo. Wenyeji husimulia kuwa katika pango moja watu waliokamatwa bara walifungwa wakingoja vyombo vya kuwapeleka kuuzwa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Leo wageni hulipa kiingilio, na mmoja wa wanakijiji huwaongoza. Wanafunzi wa shule zetu hupelekwa kwa mabasi. Sasa niambie: tungependa mtu afichwe pangoni humo ili awarukie watoto akitikisa minyororo? Wageni wangefurahi, na fedha zingeongezeka, na kijiji kina haja na fedha. Wewe ungeketi katika baraza la kijiji ungepiga kura gani? Fikiri vizuri kabla hujajibu, kwa maana mtu mwenye watoto wanaodaiwa karo ana haki ya kusikilizwa naye.

Nilikwenda huko mara moja na walimu wanafunzi wa chuo chetu. Tulipofika ndani, penye giza, mmoja wao aliigiza sauti ya mzimu, ikavuma ukutani, na wenzake wakacheka. Mzee aliyetuongoza hakumkemea. Alisimama, akangoja kicheko kiishe, akaendelea na maelezo yake kwa sauti ya chini kidogo kuliko kwanza, hata ikatubidi tumkaribie ili tumsikie. Baada ya muda yule yule aliyeigiza akauliza, "Mzee, walikuwa watu wa umri gani?"

"Wa kila umri, mwanangu," mzee akasema. "Na wa umri wako wengi."

Yule kijana akauliza tena walikuwa wakila nini, na kama pango hujaa maji bahari ikipwa na kujaa, na kama yupo mtu kijijini ambaye babu yake alitoroka. Mzee alimjibu moja moja. Basi letu lilichelewa kuondoka.